Fomu ya Desemba

Makao makuu, Vilnius, wametuletea fomu:
kurasa tatu, visanduku vya kujaza kwa wino mweusi.
Mtazamo. Haiba. Maadili.
Moja hadi tano, na saini yangu chini.
Nje theluji imepanda mpaka kwenye taa za malori ya maziwa.
Birika linanung'unika.
Naanza na jina jepesi.

Rimvydas. Tano.
Mkono wangu haukuuliza.
Ndiye akumbukaye siku zetu za kuzaliwa,
aletaye keki ya mbegu za mpopi, kaifunika taulo,
ajuaye mjukuu wangu ameota jino la ngapi.
Akiingia maabara, hata mirija huonekana imechangamka.
Tano, na tano tena.
Kwenye kisanduku cha tatu kalamu ikakauka.

Maana kuna ile asubuhi ya Machi:
mashine ilisoma mafuta, tatu nukta sita nane,
daftari likasoma tatu nukta sita.
"Nimekata mkia tu," alisema,
"tarakimu ndefu humchosha mhasibu."
Akacheka. Nikacheka.
Keki yake ilikuwa bado mdomoni mwangu.
Ile nane ilikuwa mali ya mtu,
mwenye ng'ombe kumi na mmoja na paa linalovuja,
nami niliimeza pamoja na mbegu za mpopi.

Genovaitė.
Miaka kumi na tisa hajanipa habari za asubuhi.
Friji ndilo analolijali: likikoroma, hulipiga kofi.
Hula samaki wake wa chumvi peke yake,
ametupa mgongo.
Mwanagenzi mmoja alijifungia chooni akalia
kwa sababu aliambiwa, "Osha tena.
Safari hii kwa mikono, si kwa macho."
Mtazamo: mbili.
Haiba: mbili, na hiyo ya pili ni sadaka.

Lakini Oktoba nilirudi usiku kuchukua glavu.
Taa ya maabara ilikuwa inawaka.
Asubuhi ile tulikuwa tumekataa maziwa ya mzee Stonkus,
tukasema yana dawa ya mifugo;
alimwaga tangi zima mtaroni, mvuke ukipanda.
Kumbe chupa ya kumi na nne ilikaa mahali pa arobaini na moja.
Hakuna aliyejua.
Hakuna ambaye angejua.
Mtaro haupimwi.

Nikasimama kwenye ujia, nikasikia sauti nisiyoizoea:
"Bwana Stonkus, aliyekosea ni mimi.
Si mashine. Si yule kijana. Mimi."
Kikafuata kimya kirefu,
kimya cha mtu anayetukanwa.
"Ndiyo," akasema.
Kisha, "Ndiyo. Na hilo nalo ni kweli."
Akaandika daftarini kwa wino mwekundu
jina lake lote, na saa, na dakika.
Niliondoka bila glavu.
Vidole viliniuma njia nzima mpaka nyumbani,
na sikuwa na wa kumlalamikia.

Sasa fomu iko mezani.
Nimeifuta ile tano ya kwanza,
nikairudisha,
nikaifuta tena; karatasi imeanza kutoboka.
Mimi nami kuna mtu huko Vilnius ananijaza,
najua ataniandika *mtu wa watu*,
na sijui kama ni sifa.

Mlango unafunguka bila hodi.
Genovaitė anaweka trei ya sampuli,
anaisoma fomu kichwa chini miguu juu,
kama asomavyo kila kitu, bila kuomba ruhusa.
Anagusa mbili yake kwa kidole chenye harufu ya klorini.
"Hii ni sahihi," anasema.
Tayari ameshika kitasa.
"Ya Rimvydas, pima tena."

Huko ndani friji likaanza kukoroma.
Nikasikia kofi.
Likanyamaza.